Kuridhika bila kuambiwa na nabii, mganga wala stetasi: mwongozo kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini

Kuna mtu ana nyumba, ana shamba Isyonje au kibarua Mafinga, watoto wanasoma, chakula kipo, na bado usiku anakodolea dari akiamini kuna kitu hakijakaa sawa katika maisha yake, na kwamba yupo mtu mahali fulani anayekijua. Jumapili yuko kwenye hema la nabii anasubiri kuitwa mbele. Jumatano anapiga namba ya mganga aliyoinakili kwenye nguzo ya umeme. Ijumaa anaweka picha kwenye stetasi, halafu kila baada ya dakika tano anafungua simu kuona nani ametazama. Mwongozo huu ni wake.

Sikwambii uache kanisa wala msikiti. Naishi Mbeya, mkoa ambao Wamoraviani walijenga misheni yao Rungwe tangu 1891, na ukisimama Kabwe Jumapili asubuhi unasikia mahubiri matatu kutoka spika tatu yakipishana. Kusali ni haki yako na huenda kunakufaa sana. Ninachokisema ni ile tabia ya kumkabidhi mtu mwingine kazi ya kukutolea hukumu: uko sawa, hauko sawa, umefungwa, umefunguliwa. Kazi hiyo unaiweza. Tafuta kaunta buku ya kwaya mbili na kalamu, na ujipe kama mwezi mmoja kabla hujadai matokeo.

Hatua ya 1: Andika swali kabla hujalipeleka popote

Watu wengi wanaokwenda kuaguliwa hawana swali. Wana uzito kifuani. Wakiulizwa shida ni nini wanasema "mambo yangu hayaendi", na hapo ndipo wanapoliwa, maana kwa maneno hayo mganga anaweza kujaza chochote anachotaka: nyota, laana ya ukoo, madhabahu ya babu, mke mwenza.

Kwa hiyo lazimisha uzito uwe swali. Mambo gani hayaendi? Tangu lini? Ukikomaa nalo kidogo, "mambo hayaendi" inageuka kuwa kitu kama hiki: kwa nini viazi vyangu vilikauka majani mwezi wa pili wakati vya jirani vilikuwa kijani? Kwa nini hela ya duka haionekani? Nikubali posa hii? Mwanangu atafaulu kidato cha nne?

Sasa yapange kwa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni maswali yenye mwenyewe, yaani kuna mtu ambaye kulijibu ndiyo kazi yake. Swali la viazi ni la afisa ugani. Ukienda na jani mkononi, kuna uwezekano mkubwa akakutajia baka chelewa, ugonjwa wa ukungu unaopenda baridi na unyevu, na kwa baridi na unyevu huku Uporoto tumejaliwa. Ukungu huo unaweza kumaliza shamba ndani ya siku chache. Jirani yako hakukutupia kitu. Pengine alipiga dawa mapema, au alipanda mbegu inayostahimili zaidi, na mbegu hizo zinafanyiwa utafiti pale Uyole, unapopita na daladala kila siku. Hivyo hivyo mahindi yaliyotobolewa mioyo: viwavijeshi vamizi waliingia nchini 2017, na hawajui jina la ukoo wako. Swali la maumivu ya kichwa yasiyoisha ni la daktari, la mpaka wa kiwanja ni la balozi na ofisi ya mtaa.

Fungu la pili ni maswali ya uamuzi. Nikubali posa, niuze lile shamba la Mbozi, nihamie Tunduma. Haya hayana mjuzi, yana mwenye maisha tu. Ukimpa mtu mwingine aamue, yeye hatakuwepo siku ya matokeo.

Fungu la tatu ni maswali ya kesho. Mtihani, mvua ya Novemba, bei ya mahindi mwezi wa pili. Hakuna binadamu anayejua. Kwa kila swali la namna hii andika mistari miwili tu: ikiwa hivi nitafanya nini, ikiwa vile nitafanya nini. Kisha funga daftari ulale.

Utashangaa fungu la kwanza lilivyo refu.

Hatua ya 2: Anza na swali la hela

Nalitenga hili kwa sababu huku kwetu hela ndiyo inayowatoa watu wengi nyumbani kwenda kutafuta macho ya kuonea. Nitakupa mfano wa jirani yangu mmoja hapa mtaa wa Soweto, Mbeya, mwenye duka la mahitaji. Aliamini anafanyiwa chuma ulete, ule uchawi wa kuvuta hela ya mwenzio. Asubuhi anauza vizuri, jioni droo nyepesi. Alikuwa ameweka ndimu na chumvi ya mawe kwenye kona ya droo, chini ya noti, na noti zote zilikuwa zimeanza kunuka ndimu. Alishaamua pia nani anamfanyia: bibi mmoja anayekuja kila siku kununua kiberiti na noti iliyokunjwa mara nne.

Tulichokifanya ni kuchora safu nne kwenye daftari: hela iliyolala, mauzo, kilichotoka, hela ya jioni. Masharti yalikuwa mawili. Kila kinachotoka kiandikwe hata kama ni pipi, na mwenye duka akijichukulia kitu ajiandike kama mteja mwingine yeyote.

Wiki haikuisha. Kwenye "kilichotoka" kulikuwa na sukari ya chai ya nyumbani, mafuta ya mboga, bando la mume, biskuti za watoto wakitoka shule, na majina ya watu wa "nitakuletea jioni" ambao jioni zao hazikufika. Halafu tukakaa na mzani. Mfuko wa sukari wa kilo 50 unatoa robo 200. Yeye alikuwa akipima kwa mkono wa ukarimu, kama gramu kumi juu ya kila robo. Gramu kumi mara 200 ni kilo mbili, yaani kila mfuko ulikuwa unampotezea robo nane bila mchawi yeyote kugusa droo. Nauli ya kubebea mzigo kutoka Mwanjelwa nayo hakuwahi kuijumlisha kwenye bei.

Hakutajirika baada ya hapo, nisikudanganye. Duka ni lile lile. Ila aliacha kumkagua kila mteja mikono, na yule bibi wa kiberiti siku hizi anapewa kigoda akisubiri mvua ipite. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zile robo nane. Mtu anayeamini anaibiwa na watu wote wanaomzunguka hawezi kuridhika hata ukimjazia droo.

Mkulima naye ana safu zake. Ukiuza mahindi yote Julai, soko limejaa na bei imelala, kisha Februari ukanunua unga, hesabu itakuonyesha nyota yako ilifungwa wapi. Najua kuna ada na madeni yanayomlazimisha mtu auze mapema. Basi andika: nimeuza gunia hizi mapema kwa sababu ya ada. Ukishaandika sababu, huihitaji laana.

Hatua ya 3: Jifunze utabiri unavyofanya kazi

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia. Baada ya siku chache kila mmoja akapewa maelezo yake "binafsi" na kuombwa ayape alama kutoka sifuri hadi tano kwa jinsi yanavyomfaa. Wastani ulikuwa 4.26. Kisha akawafunulia kwamba wote walipewa karatasi moja, yenye maneno yale yale, ambayo sehemu yake kubwa ilitoka kwenye kitabu cha unajimu cha dukani. Maneno yenyewe yalikuwa ya aina hii: unapenda kupendwa na watu, una uwezo ambao hujautumia, kwa nje unaonekana imara ila ndani una wasiwasi. Nani hayuko hivyo?

Sasa sikiliza la hemani kwa masikio hayo. "Namwona mama mmoja hapa, ana mtu wa karibu ambaye anacheka naye lakini moyoni ana jambo." Kina mama mia mbili wameketi na wote wana mtu kama huyo. "Naona jina linaanza na M." Mbeya! Mkoa ambao nusu ya majina ya ukoo yanaanza na Mwa-, mtumishi anaona M. Angeona X ningesimama na mimi.

Zoezi ni fupi. Ukishapewa unabii, uandike neno kwa neno. Kisha fikiria watu watatu unaowajua vizuri, mmoja awe wa mbali kabisa na hali yako, na umsomee kila mmoja kimoyomoyo. Ukiwakaa wote watatu, haukuwa wako.

Na kuna utabiri ambao si wa kucheka. Mpiga ramli akishakutajia jina, kwa kawaida ni jina la mtu wa karibu asiye na wa kumtetea: shangazi mjane, bibi mwenye macho mekundu. Macho hayo yamekaa miaka arobaini juu ya moshi wa kuni. Watu wameuawa kwa ramli chonganishi, na ndiyo maana serikali ilipiga marufuku wapiga ramli mwanzoni mwa 2015, wakati mauaji ya watu wenye ualbino yalipokuwa yameitikisa nchi. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa 1928 na ipo hadi leo, inahesabu kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa. Ukiona mazungumzo yanaelekea kwenye jina, simama utoke. Usisubiri kulisikia, kwa sababu ukishalisikia hutaweza kulisahau hata kama huliamini.

Hatua ya 4: Andika "imetosha" yako kwa vipimo

Mtu asiyejua kiasi chake atakiuliza kwa kila anayepita. Ukurasa mmoja wa daftari uwe wa hili, na usiandike maneno makubwa kama amani na mafanikio. Andika vitu vinavyopimika kwa debe, kwa shilingi, kwa saa.

Chukua chakula. Nyumba yako inakula debe ngapi za mahindi kwa mwezi? Kama ni mbili, mwaka ni debe 24, yaani gunia nne za debe sita. Gunia nne zikishaingia ghalani na kuwekwa dawa ya wadudu, chakula cha mwaka kimetosha, uandike imetosha, na kinachozidi ni biashara. Ada ya muhula, andika kiasi. Deni, andika unadaiwa na nani na litaisha lini. Usingizi, andika saa. Muda wa kukaa na mwenzio bila redio wala simu, uandike pia.

Halafu kwa kila mstari jiulize hiki: hili nimelitaka mimi, au nimeliona kwa mtu? Wako waliojenga nyumba ya bati la rangi na vyumba sita kijijini, wanaishi Dar es Salaam, na ndani wamelala popo. Sina ugomvi nao. Ila kama wewe unapenda nyumba ya vyumba viwili yenye jiko zuri la kuota moto Juni, usiandike sita.

Hatua ya 5: Punguza mashahidi

Hatua hii ni fupi na ngumu. Kwa wiki mbili, kila unapotaka kuweka kitu kwenye stetasi, kiache kilale usiku mmoja. Asubuhi kama bado unataka kukiweka, weka. Vingi utaona havina haja.

Fanya pia jambo moja jema ambalo hakuna atakayelijua. Mlipie mtoto wa jirani daftari kupitia kwa mwalimu, usitajwe. Utasikia mwili unakuwasha kusema. Huo muwasho ndio tunaoutafuta, ukae nao mpaka upoe.

Kwenye michango ya harusi na send-off, toa kiwango ulichokipanga nyumbani, si kile kilichotangulia kwenye orodha ya kundi. Vitenge vya sare ruka vile usivyoviweza. Watu watasema, ndiyo. Huku watu wamekuwa wakisema tangu zamani, na mada hubadilika kila wiki.

Hatua ya 6: Zoea kukaa peke yako na daftari

Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake walichapisha utafiti wao kuhusu wanafunzi walioandika kwa dakika 15 kwa siku nne mfululizo juu ya mambo mazito waliyoyapitia. Walioandika tukio na hisia zao kwa pamoja walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida, ingawa mara baada ya kuandika walijisikia vibaya kidogo. Ni vizuri kulijua hilo la mwisho ili usishtuke.

Nyumbani kwako fanya hivi. Watoto wakishalala, keti karibu na jiko, weka dakika 15 kwenye simu kisha uigeuze kifudifudi. Andika bila kujali tahajia wala kama ni Kiswahili, Kinyakyusa au Kihehe. Kama unaogopa kusomwa, chana ukurasa uutie motoni. Faida iko kwenye kuandika. Usiku wa pili na wa tatu utarudia mambo yale yale, endelea tu. Huo ni uzito ule ule uliokuwa unaubeba kwenda hemani kila Jumapili, isipokuwa sasa una sura.

Mchana tembea. Iringa mjini panda mwamba wa Gangilonga jioni uutazame mji. Mbeya kuna miteremko ya mlima Loleza, na ukipata nauli ya Kitulo kati ya Desemba na Aprili utakuta uwanda mzima umechanua maua, watu wanauita Bustani ya Mungu. Tahadhari yangu ni moja: usiugeuze mlima kuwa nabii mwingine. Usiende kutafuta ishara. Ukiona kunguru, ni kunguru. Nenda utembee miguu ichoke, ule muhogo wako wa kuchoma, urudi.

Hatua ya 7: Tafuta msikilizaji, si mwamuzi

Tuseme haki. Nabii na mganga wanatoa kitu cha kweli: mtu anakaa mbele yako, anakutazama, anakuuliza umelalaje. Wengine hawajaulizwa hivyo na yeyote kwa mwaka mzima. Ukiacha kwenda kwao bila kujaza nafasi hiyo, utarudi, na nitakuelewa.

Chagua mtu mmoja. Awe hana faida na matatizo yako, na awe anaweza kunyamaza. Mwambie mapema unachotaka: "Dada, nataka unisikilize tu, usinishauri." Wengine hawawezi kabisa, baada ya dakika mbili wameshakupa namba ya mtumishi. Mshukuru, tafuta mwingine. Na wewe uwe unamsikiliza kwa zamu yake.

Hatua ya 8: Jiandae kwa simu ya shangazi

Ndugu hawatapenda. Wataona umepotea, umejaa kiburi, au umejiunga na kitu. Usibishane nao kuhusu imani; hutashinda na hakuna haja. Mazungumzo yaende namna hii:

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kuna mtumishi kaja Tukuyu, huyu anaona kweli kweli. Njoo Jumamosi akufungue."

"Ahsante kwa kunikumbuka, shangazi. Jumamosi napalilia. Ila wiki ijayo nakuja kukuona wewe, nikuletee nini?"

"Niletee sukari. Lakini mtumishi anaondoka Jumatatu, mwanangu."

"Sawa shangazi. Na lile goti, ulirudi hospitali walivyokwambia?"

Hujamdharau, hujadanganya, na umemuuliza jambo ambalo huenda hakuna mwingine aliyemuuliza. Wiki ijayo nenda kweli, na sukari. Ukiahidi usipokwenda, mtumishi ameshinda.

Mahali ambapo daftari halitoshi

Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo hulali au unalala kupita kiasi, chakula hakipiti, hakuna kinachokufurahisha, au unawaza kujidhuru, weka daftari chini uende kituo cha afya. Hiyo huenda ni sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka; ni ugonjwa na una tiba. Kuomba msaada wa daktari hakuvunji chochote nilichoandika hapa; swali la ugonjwa ni la fungu la kwanza.

Na usiache dawa kwa sababu ya mtu aliyekuwekea mkono kichwani. Mwaka 2011 nchi nzima ilipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500 kilichosemwa kinaponya magonjwa sugu, na magari yaliondoka hadi kutoka huku kwetu. Wapo waliorudi wakaacha dawa zao za virusi, za kisukari na za presha. Ukitaka kuombewa, ombewa, na saa mbili usiku umeze dawa yako.

Ukaguzi wa Julai

Mwezi wa saba, mavuno yakishaingia, fungua daftari mwanzo. Jumlisha kwanza kile ambacho hukutoa mwaka huu: mafuta na maji ya upako, sadaka ya kujimaliza, nauli ya kwenda kwa mganga, kuku mweusi. Andika jumla chini ya ukurasa. Kisha rudi kwenye ukurasa wa "imetosha" upitie mstari kwa mstari na kuweka alama kwenye vilivyotimia. Visivyotimia vipange kwenye yale mafungu matatu. Vya kesho vifute. Vya uamuzi uamue kimoja, wiki hiyo hiyo. Vyenye mwenyewe, andika pembeni ni vya nani na siku utakayokwenda, na jaribu uwe umemaliza kuzunguka kabla ya Oktoba, maana baada ya hapo maafisa ugani, mafundi na wewe mwenyewe wote mtakuwa mashambani.